Upande wa Chini wa Bawa

Eneo hili lina vipepeo wa kawaida.

Hiyo ndiyo sentensi. Ripoti yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiigeuza inabaki hivyo hivyo, maneno sita. Niliikuta kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, ile karatasi ambayo sheria ya mwaka 1999 inaidai kabla mtu hajashusha mawe, mchanga na nondo kwenye ploti kubwa. (Nondo za chuma. Wale wengine watakuja.) Ploti ni nyasi tu, kipande kilichobaki kati ya mtaa wetu na mto, pahali watoto hucheza mpira na watu wazima hukata njia asubuhi wakiwahi matatu. Ndege walipewa aya nzima. Miti ikapewa jedwali. Wadudu wakapata mistari miwili, na humo ndani vipepeo wakapata maneno yao sita.

Kazi yangu ni kusoma sentensi za watu na kusema kama zimesimama. Kwa hivyo niliifanyia hii vile ningefanyia riwaya: nani anazungumza, amesimama wapi, ameona nini? "Kawaida" si rangi wala umbo, huwezi kuiona bawani. Ni hukumu, na hukumu hutolewa baada ya kesi kusikizwa. Ili useme kipepeo fulani ni wa kawaida, lazima kwanza ujue ni nani, halafu ujue kwingine anapatikana wapi na kwa wingi gani. Nilipekua ripoti mbele nyuma. Hakuna mahali ambapo mtu alijua ni nani.

Jirani yangu, ambaye tulikuwa tunaisoma pamoja kwa simu yake, hakuona kesi iko wapi. "Si ni vipepeo tu? Tena hapo kwa nyasi hakuna hata vipepeo wa maana. Ni zile nondo ndogo za kahawia."

Sasa hao ndio nataka kuwaongelea. Kwanza, si nondo. Ni vipepeo wa familia ya Hesperiidae, na Kiingereza kimewapa jina kwa mwendo wao. Ukifikiria, neno letu kipepeo nalo limetokana na mwendo, kupepea, ule wa polepole kama mtu anayejipungia hewa na karatasi. Hawa hawapepei. Wanaruka hapa, wanatua pale, jicho limeshawapoteza. Mtaani wataitwa vipepeo au nondo, inategemea umemuuliza nani. Mimi humu nitawaita virukaji, maana lazima niwaite kitu. Mwili wa kirukaji ni mnene kuliko wa kipepeo unayemjua, kichwa kipana, macho makubwa. Ukitaka kuhakikisha, tazama papasi, zile nyuzi mbili za kichwani: ncha zake zimenenepa, halafu zikajipinda kama ndoana. Nondo wa kwenye taa ya veranda hana ndoana hiyo.

Kenya ina takriban spishi 900 za vipepeo, na virukaji ni sehemu isiyo ndogo ya hesabu hiyo. Wengi wao ni kahawia wenye madoa meupe. Narudia kwa sababu ndiyo shida yote: kahawia, madoa meupe.

Kitabu cha kuanzia ni cha Torben Larsen, The Butterflies of Kenya and Their Natural History, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1991. Larsen, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mdenishi, mchumi kwa taaluma, aliyefuata vipepeo katika karibu kila nchi ambayo kazi ilimpeleka. Kama maandishi, ni kitabu kizuri kuliko kinavyohitaji kuwa. Zile sehemu anazoeleza wanakula nini, wanahama vipi na wanaigana vipi ili kuwahadaa ndege, unaweza kuzisoma ndani ya matatu bila kujua hata jina moja la Kilatini, na ukapitiliza stage yako.

Lakini nani hufungua kitabu cha vipepeo ili asome? Tunakimbilia picha. Na picha za vitabu vya aina hii, kwa desturi ndefu ya makumbusho, ni za wadudu waliokauka, wamebanwa kwa pini, mabawa yametandazwa bapa kama shati lililopigwa pasi. Desturi ina sababu yake. Huwezi kulinganisha vitu viwili kama havijakaa mkao mmoja. Hata hivyo virukaji wa nyasi hawakai hivyo wakiwa hai. Akitua, hufunga mabawa yote juu ya mgongo, au akiota jua hulaza ya nyuma bapa na kuyainua ya mbele nusu, kama kindege cha kivita kilichoegeshwa. Mara nyingi unachooneshwa ni upande wa chini wa bawa la nyuma, ule ambao mwenye kitabu mkononi huutazama mwisho, akikumbuka.

Na kwa virukaji, huo ndio ukurasa wenye habari.

Kuna pia kile kitabu cha mfukoni cha Dino Martins na Steve Collins, Butterflies of East Africa, cha mwaka 2016. Nakipenda. Nimekibeba Karura mpaka jalada likaanza kujikunja. Kwa vipepeo wakubwa, wale wa mikia na rangi, kinakutosha. Lakini mfuko ni mfuko. 900 haziingii, na kitu cha kwanza kuachwa nje, kwa haki kabisa, ni vile vya kahawia ambavyo mnunuzi hangeweza kuvitofautisha hata angeoneshwa.

Hebu tujaribu kuvitofautisha.

Mchukue Pelopidas mathias. Fabricius alimpa jina mwaka 1798, na yuko kutoka Afrika hadi Japani. Kiwavi wake hula majani ya mpunga na ya nyasi nyingine nyingi, kwa hivyo si mgeni wa shamba. Ukimtazama kutoka juu: kahawia, madoa meupe madogo kwenye bawa la mbele, yamejipanga kama upinde. Sasa mchukue Borbo borbonica, ambaye jina lake linatokana na jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Kahawia, madoa meupe madogo kwenye bawa la mbele, yamejipanga kama upinde. Weka pembeni ndugu wengine wa Borbo, na wako wengi, mmoja wao akiitwa Borbo kaka, jina ambalo kwa sikio la Mswahili linachekesha kwa sababu ni kweli: wote ni kaka na dada. Hapa ndipo watu wengi hufunga kitabu wakaenda kutafuta chai.

Usifunge. Dume wa mathias ana chapa. Natumia neno la wafugaji makusudi, maana ndivyo inavyokaa: mstari mwembamba wa kijivu cheupe uliopita mshazari kwenye bawa la mbele, upande wa juu, kama alama ya moto kwenye paja la ng'ombe. Ni magamba maalumu yanayobeba harufu ya kumtongozea jike. Madume wa Borbo hawana chapa. Kwa hivyo ukiiona, Borbo wote wametoka kwenye orodha kwa mpigo mmoja, na moyo unaruka kidogo, walai.

Usipoiona, pole, hujajua kitu. Inaweza kuwa ni Borbo. Inaweza pia kuwa ni jike wa mathias, maana yeye hana chapa. Pale ambapo ingekuwa, ana vidoa vyeupe. Kuwepo kwa alama kunakuambia mengi, na kutokuwepo kwake kunakuambia kidogo sana, na ukisahau tofauti hiyo utajaza daftari lako na majina ya uongo. Mimi nilijaza kurasa mbili.

Ndipo unashuka chini. Kwenye upande wa chini wa bawa la nyuma, mathias ana msururu wa vitone vyeupe uliopinda, na zaidi ya huo msururu ana kitone kimoja kimekaa peke yake, karibu zaidi na shina la bawa. Hicho cha peke yake ndicho nilichokuwa nakitafuta wiki nzima nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi, suruali imejaa zile mbegu zinazonata, watoto wa mpira wakiniuliza kama nimepoteza pesa.

Huko Asia, ambako mathias anaishi pamoja na ndugu yake Pelopidas agna, mambo yanazidi kuwa membamba. Wote wawili wana chapa. Utawatofautisha hivi: chukua vile vidoa viwili vilivyo kwenye chumba cha bawa la mbele, chora mstari wa kufikirika unaovipitia, uurefushe mpaka kwenye chapa. Kwa mathias mstari unaikata chapa. Kwa agna unagusa ncha yake tu au unapita nje. Jiulize ni nani aliyeliona hilo kwanza, na alikuwa ametazama mabawa mangapi. Alama yenyewe haipo bawani. Ni uhusiano kati ya vitu viwili vilivyopo, na msomaji ndiye anayeuchora. Nimesoma wahakiki wa mashairi ambao hawajawahi kufika hapo.

Upande mwingine kuna Gegenes pumilio. Dume wake karibu hana kitu kabisa, kahawia kutoka shina hadi ukingo. Kumtambua ni kujiridhisha kwamba umetazama kila mahali na kweli hapakuwa na kitu, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuona.

Spialia ni ukoo mwingine tena, wadogo mno, weusi wenye madoa meupe kama kitambaa kilichorushiwa chokaa. Mmoja anaitwa kituina, jina lililotoka Kitui, nami nilifurahi kuona jina la nyumbani katikati ya Kilatini. Mwingine anaitwa confusa, yaani aliyechanganywa na wengine. Anayetoa majina alikuwa anakuonya mapema. Kwa hawa swali liko tena chini ya bawa la nyuma. Ukanda mweupe wa katikati, je, umepita mzima au umevunjika? Kwa Spialia diomus umepita mzima. Kwa Spialia spio umekatika vipande. Ukimpiga picha kutoka juu tu, umepiga picha ya swali.

Mtu ataniletea Nabokov hapa. Huletwa kila mara mwandishi wa fasihi anapotaja mdudu. Ndiyo, alifanya kazi kwenye makumbusho ya Harvard miaka ya 1940, akitazama vipepeo kwa hadubini, na ilikuwa kazi ya kweli, si ya kujifurahisha. Lakini wake walikuwa wale wadogo wa buluu, na kwenye rafu ya virukaji mwandishi ninayemtaka ni Brigedia W. H. Evans.

Evans, aliyefariki mwaka 1956, alikuwa mwanajeshi Mwingereza aliyetumikia India, kisha akastaafu na kuingia kwenye makumbusho ya London kuwapanga virukaji wa dunia nzima. Katalogi yake ya virukaji wa Afrika ilitoka mwaka 1937. Jenasi Borbo ni yeye aliyeiunda, mwaka 1949. Lugha yake ni ya simu za maandishi za zamani, zile za kulipia kila neno. Upande wa chini wa bawa la nyuma kwake ni herufi tatu tu, unh. Upande wa juu wa bawa la mbele, upf. Ukurasa mzima unasomeka kama mtu anayeongea akiwa amebana pini kwa meno. Mara ya kwanza niliona ni ukatili kwa msomaji. Baadaye nikaona anachokifanya. Kila hatua anakupa sentensi mbili zinazopingana, kitone kipo au kitone hakipo, nawe unachagua moja, na chaguo linakupeleka kwenye jozi nyingine, mpaka unabaki na jina moja mkononi. Hakuambii kipepeo anafananaje. Anakuambia tu kile kinachomtenga na jirani yake.

Hiyo fomu tunaijua. Ni kitendawili. Anayetega vizuri hakupi maelezo yote ya yai au ya jembe. Anakupa alama moja au mbili ambazo ukizifikiria vizuri vitu vingine vyote vinaanguka. Anayetega vibaya anakupa sifa ambazo vitu kumi vinazo, halafu anadai mji. "Eneo hili lina vipepeo wa kawaida" ni kitendawili kibovu cha aina hiyo, na mwenye ripoti tayari ameshapewa mji.

Kwa hivyo nilikaa chini nikajaribu kuandika ufunguo wangu mdogo kwa Kiswahili, wa ile ploti peke yake. Nilitarajia lugha inigomee, kama tunavyoambiwa kila siku kwamba haina maneno ya sayansi. Kuna mahali iligoma kweli. Sikupata neno ninaloliamini la ile sehemu ya ndani ya bawa iliyozungukwa na mishipa, nikaandika "chumba", ambalo ndilo nililotumia hapo juu, na bado silipendi. Lakini mahali pengine ilinipa zaidi ya nilichoomba. Madoa ya virukaji ni ya namna mbili. Kuna yale yenye magamba meupe au ya manjano, na kuna yale ambayo hayana magamba kabisa, mwanga unapita. Vitabu vingi huanza kwa kuyaita yote jina moja, kisha huongeza kivumishi kirefu cha Kigiriki kwa yale yanayopitisha mwanga. Mimi niliandika doa na dirisha. Jirani yangu, yule yule, alisoma rasimu akashika kipepeo aliyekufa tuliyemwokota dirishani, akamwinua kwenye balbu, akasema, "Eh, hii ni dirisha. Hii ni doa." Hakuna aliyemfundisha.

Chapa nayo ilikubali mara moja. Mtu yeyote aliyekulia na ng'ombe anajua chapa ni ya mwenyewe na haifutiki.

Sasa, kuna njia fupi, na najua unaifikiria tangu aya ya pili. Unapiga picha, unaipa aplikesheni, sekunde mbili jina linatoka. Nilifanya hivyo. Picha yangu ilikuwa ya kirukaji asiye na chapa, amepigwa kutoka juu, mabawa nusu wazi. Aplikesheni ikajibu bila kupepesa: Pelopidas mathias. Labda ni kweli. Shida yangu ni kwamba hiyo picha haikuwa na kile ambacho kingeweza kuthibitisha, wala kile ambacho kingeweza kukanusha. Upande wa chini haukuonekana. Nilipotaka kuuliza "umejuaje?" sikupata mahali pa kuuliza. Ni kama yule mhakiki anayekipa kitabu nyota nne na kwenda zake. Sibishani na nyota. Nataka kuona ukurasa uliomfanya azitoe. Evans, na ugumu wake wote, anakuonesha ukurasa. Ukimkuta amekosea, utajua amekosea katika jozi ipi.

Naye hukosea, maana mabawa yenyewe yana mwisho wake. Waingereza wana virukaji wawili wa rangi ya chungwa, Thymelicus sylvestris na Thymelicus lineola, waliokuwa wakiruka kwenye nyasi zile zile, na ilikuwa mwisho wa karne ya 19 kabla mtu hajagundua kwamba yule wa pili yuko nchini mwao. Alikuwa amelala kwenye masanduku yao chini ya jina la mwenzake. Alama rahisi kuliko zote haikuwa bawani hata kidogo. Ni ncha ya papasi, ukiitazama kwa chini: nyeusi ni lineola, ya chungwa au kahawia ni sylvestris. Watu walikuwa wametazama mahali pazuri zaidi badala ya mahali panapofaa.

Halafu kuna kisa cha Guanacaste, kaskazini-magharibi mwa Kosta Rika. Kuna kirukaji mkubwa huko, mwenye mgongo wa buluu inayong'aa, aliyepewa jina tangu mwaka 1775: Astraptes fulgerator. Daniel Janzen na Winnie Hallwachs walikuwa wamelea viwavi wa msitu ule kwa zaidi ya miaka 20, na walikuwa wameshaona kitu cha ajabu. Viwavi walikuwa na rangi tofauti na walikula mimea tofauti, kisha wakawa vipepeo ambao wanafanana kama sahani za seti moja. Mwaka 2004, pamoja na Paul Hebert na wenzao, walichapisha matokeo ya vinasaba. Walisema huyo mmoja ni kumi.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa mashine dhidi ya macho, na hapo nakataa. Kwanza, mwaka 2006 Andrew Brower alichukua data zile zile akasema si kumi; ni zaidi ya wawili, lakini hawazidi saba. Kumbe hata vinasaba vinahitaji msomaji, na wasomaji hugombana. Pili, aliyewashtua watu wa maabara hakuwa mashine. Ni mtu aliyekuwa akilisha viwavi majani na kuandika kila siku nani amekula nini. Walikuwa wametazama kwa makini kitu ambacho wengine walikiruka wakikimbilia bawa.

Kwa Borbo wetu hali ni ya kati. Baadhi unawapata kwa vitone. Wengine mtaalamu atakuambia kwa upole kwamba bila kumpasua mdudu na kutazama viungo vyake vya uzazi kwa hadubini, jina lolote utakaloandika ni bahati nasibu. Mwanzoni jibu hilo liliniudhi. Nilitaka majina, manze. Nilikuwa na barua ya kuandika na tarehe ya mwisho ya kutoa maoni ilikuwa imebaki siku tisa.

Niliandika barua. Sikuwa na habari za kushtua. Ningependa kukuambia kwamba kwenye nyasi zile nilikuta spishi adimu na tingatinga likasimama, lakini sikuikuta. Nilikuta Pelopidas mathias, dume mmoja mwenye chapa na jike mmoja mwenye kitone chake cha peke yake. Nilikuta Spialia diomus, ukanda mzima. Gegenes sikuwa na hakika nao nikawaacha. Na nilikuta Borbo watatu ambao niliwaandika hivi: Borbo, spishi haijatambuliwa, madirisha matano bawa la mbele, hakuna chapa, upande wa chini umeonekana kwa mmoja tu. Ndiyo mistari ninayojivunia kuliko yote niliyoandika mwaka huu, na haina jina ndani yake.

Rafiki mmoja alinishauri niwaondoe hao watatu. Wanadhoofisha hoja, alisema; ukikubali hujui, mwenye ploti atasema hata yeye hajui, ngoma droo. Nilifikiria siku nzima. Nikawaacha. Sentensi yao na yangu zote mbili hazina jina la spishi, lakini yangu inaonesha nilitazama wapi, nikaona nini, na wapi niliishia. Mtu mwingine anaweza kwenda pale kesho, akapiga magoti, akanisahihisha. Ile ya maneno sita huwezi kuisahihisha, kwa sababu haijasema kitu kinachoweza kuwa kosa. Na wale mathias wawili walikuwa wa kawaida kweli, kila kitabu kinasema hivyo. Ripoti ilipatia. Ilipatia vile saa iliyosimama hupatia.

Nilipata jibu la barua pepe kwamba maoni yamepokelewa. Wiki tatu baadaye toleo jipya la ripoti likatoka, nikaenda moja kwa moja kwenye ule ukurasa. Walikuwa wameongeza maneno: "Eneo hili lina vipepeo wa kawaida, wakiwemo Pelopidas mathias." Spialia hakutajwa, wala Borbo.

Jirani yangu alicheka sana. Halafu akaniuliza kama wale watatu bado wapo. Tulienda Jumamosi, saa nne asubuhi, jua likiwa limeanza kuchoma. Mabati ya uzio yalikuwa yamefika hadi kwenye goli la watoto. Tulimpata mmoja, ametua kwenye ua jeupe la magugu, mabawa nusu wazi, madirisha yanaonekana vizuri. Tukalala kifudifudi tukisubiri afunge mabawa. Akaruka kabla hajafunga.

"Umeona chini?" nikamuuliza.

"Zii. Wewe?"

"Zii."

Akatoa daftari mfukoni mwangu bila kuniuliza, akaandika tarehe.